Krediti Mia Nne Arobaini na Moja

2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zangu pokea, na za Baba pia, ambazo leo amezitoa kwa kidole kwa sababu mdomo umegoma. Hajambo. Ameoga, amekula, amenung'unika, kwa hiyo siku imekamilika. Mkono wa kulia bado umelala vilevile tangu kiharusi, lakini wa kushoto umekuwa mjanja mno. Jana nimemkuta ameniibia mkasi, anajaribu kupunguza pindo la pazia kutoka kitandani. Fundi cherehani hastaafu, nimekubali. Pazia sasa limepinda upande mmoja na yeye anajisifu.

Namba yako mpya ya simu hujanipa. Ile ya zamani inapokelewa na bwana mmoja anayeuza matairi. Ni mpole, tumeshazoeana, ananiuliza hali ya Baba, lakini si wewe. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Ukijibu, fanya kama siku zote: karatasi ya kwanza ya kumsomea Baba, ya pili yangu.

Karatasi ya pili.

Nataka kurudi chuoni. Usicheke. Nilipoacha uuguzi nilikuwa mwaka wa nne, nimebakiza muda kidogo tu, na wewe ulikuwa mwaka wa kwanza, unalia kwenye simu kwamba Baba ameanguka na nani atamtazama. Tukakubaliana: mimi nije miaka miwili, wewe umalize, kisha tupokezane. Sikukumbushi ili kukusuta. Nakukumbusha kwa sababu miaka miwili ile sasa ina miaka tisa na miezi tisa, na mimi nimebaki muuguzi wa mgonjwa mmoja asiye na faili.

Wewe uko hapo hapo masijala ya chuo, faili zote zinapita mikononi mwako. Niangalizie. Je, masomo yangu bado yanahesabika? Nimebakiza kiasi gani? Na kama ni mwaka mmoja au chini yake, utakuja kukaa na Baba? Nijibu hilo la mwisho kwanza.

Dada yako

20 Februari

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo na wewe, na uache mapazia ya watu.

Mimi mzima, kazi tele. Tangu Januari wamenifanya kaimu mkuu wa masijala, yaani kazi ni za mkuu na kiti ni kile kile cha zamani kilichovunjika mgongo. Kila asubuhi nafungua mfuko wa barua na kugonga mhuri karatasi mia mbili kabla ya chai. Mkono umeshazoea, unagonga wenyewe. Juzi nimejikuta nimeigonga tiketi yangu ya basi, kondakta akaniuliza kama nimepokelewa. Baba, gauni ulilonishonea mwaka ule bado nalivaa siku za vikao, na watu wanauliza fundi ni nani.

Karatasi ya pili, usimsomee.

Dada, nimetoa faili lako. Kanuni iko hivi. Krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha za darasani, za wodini na za kujisomea. Shahada ya uuguzi ni krediti 480. Wewe unazo 441. Umebakiza 39, ambazo kwa ratiba ya mihula miwili ni miezi minane hivi.

Ila krediti hazikai milele. Zinaishi miaka kumi tangu siku mwanafunzi alipoandikwa kuwa ameondoka. Zako zinakufa tarehe 30 Aprili, saa kumi jioni, ofisi inapofungwa. Ombi la kurudi likifika kabla ya hapo, unaendelea ulipoishia. Likifika baada ya hapo, unahesabiwa kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga.

Jambo jingine. Saa zako za wodini hazimo kwenye kompyuta zetu, zilikuwa hazijaanza kuingizwa wakati ule. Zimo kwenye kile kitabu chako cha kijani tu, chenye sahihi za masista wa wodi. Kamati inataka kitabu chenyewe, nakala hawaigusi. Kitume pamoja na ombi kwa rejista ya posta. Usiandike ofisi kwa ujumla, maana huko barua zinalala kwenye trei mpaka zinaota ndevu. Andika juu ya bahasha: Kaimu Mkuu wa Masijala, mkononi. Nitakipeleka kwenye kamati mwenyewe.

Nimechoka, mkono unauma. Nisalimie nyumba nzima.

Kitinda

5 Machi

Kitinda wetu,

Baba amecheka habari ya kondakta mpaka nikamshika asidondoke. Amenifanya nisome mara ya pili. Hilo la gauni nalo amelitaka tena, peke yake, polepole. Kwa hiyo jua umemlisha wiki nzima kwa mistari miwili.

Karatasi ya pili.

Kitabu hiki hapa, na ombi ndani yake. Nilikuwa nimekificha chini ya karatasi za vipimo za Baba, kwenye droo ya cherehani, ili nisikione. Nimekaa nacho sakafuni tangu asubuhi. Sahihi mia tatu na kumi na mbili, nimezihesabu. Yule sista wa wodi ya watoto aliyenikatalia saa nzima kwa kuchelewa dakika sita, unamkumbuka nilivyomlaani? Leo nimeitazama nafasi ile tupu nikampenda. Angalau kuna mtu aliwahi kuona dakika zangu zina maana.

Najua nakutumia kitu kisicho na cha pili. Kikipotea, na mimi nimepotea. Lakini kinakwenda mkononi mwa mdogo wangu, basi nimelala usingizi.

Hujanijibu habari ya kuja kukaa na Baba. Nimeisoma barua yako juu chini, nikaigeuza na nyuma, sikuona. Nimeuchukua ukimya wako kuwa ni ndiyo, maana hapana ungeiandika. Ni miezi minane tu. Anataka kugeuzwa kila baada ya saa tatu, anataka uji usiwe wa moto, na anataka kusemeshwa. Nitakuandikia kila kitu ukutani.

Namba yako ya simu je?

Dada

17 Aprili

Mdogo wangu,

Baba anakusalimu. Hajambo.

Wiki sita sasa. Kitabu kilifika? Posta wanasema kimeshachukuliwa huko, lakini hawajui na nani. Bwana wa matairi ameniambia nisiwe na wasiwasi, maofisi ndivyo yalivyo. Nimeona aibu kufarijiwa na mtu nisiyemjua wakati nina mdogo wangu wa damu mle mle ndani.

Zimebaki siku kumi na tatu. Andika neno moja tu. Hata "kimefika" inatosha.

Dada

4 Mei

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo sana.

Huku mvua zimekata na vumbi limerudi kwenye madirisha. Nimehamishiwa chumba chenye feni. Baba, kile kiti kibovu nimemwachia mwenzangu, naye ameshaanza kulalamika mgongo. Nawakumbuka.

Karatasi ya pili. Usimsomee.

Sijui nianzie wapi. Kitabu chako kimefika jana, tarehe 3 Mei. Siku tatu nyuma ya kanuni. Nimekaa nacho mezani nikatamani kulia. Posta ya nchi hii unaijua mwenyewe, mzigo unaweza kukaa kwenye stoo ya mtu miezi miwili na bado wakakuambia umeshachukuliwa.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kamati, akaniambia tarehe ni tarehe. Barua rasmi ya kufutwa kwa krediti imo humu, nimeisaini mimi kwa niaba ya ofisi kwa sababu mkuu hayupo. Usiichukulie vibaya sahihi yangu, ni ya kazi. Zimefutwa zote 441.

Ukitaka, naweza kukuombea nafasi ya mwaka wa kwanza. Utaanza sifuri, miaka minne na nusu, pamoja na watoto wa miaka kumi na minane. Sikushauri, ila sitaki uje kusema baadaye sikukuambia. Dada, pengine ndivyo mambo yalivyopangwa. Baba amekuzoea. Mtu mwingine akimshika sasa, hata akiwa mimi, atasononeka.

Kitinda

19 Mei

Mdogo wangu,

Baba hajambo. Ameuliza chumba chenye feni kina madirisha mangapi. Nimemwambia mawili. Kama ni moja, rekebisha.

Karatasi ya pili.

Barua yako ya ofisi nimeisoma nimesimama. "Tunasikitika kukuarifu." Wewe na nani mnaosikitika?

Siku mbili sikuongea. Baba alidhani nimemnunia, akaanza kuomba radhi kwa vitu ambavyo hakufanya, kwa mkojo, kwa pazia, kwa kuanguka siku ile. Unajua inavyokuwa kumsikia mzee anaomba radhi kwa neno lisilotoka? Nikamwogesha, nikamnyoa, nikamwambia si wewe.

Kisha nikachukua kalamu nikapiga hesabu yenu. Krediti moja ni saa kumi. Tuseme namhudumia Baba saa nane tu kwa siku, kama mwenye ajira, ingawa hata mbwa wa jirani anajua ni zaidi. Miaka tisa tu, wa kumi nauacha, siku zote, hakuna Jumapili. Saa elfu ishirini na sita mia mbili na themanini. Hizo ni krediti 2,628. Ni shahada tano, na chenji. Vidonda vya mgongo hana hata kimoja. Waulize wauguzi wako wenye vyeti ni wangapi wana mgonjwa wa miaka tisa asiye na kidonda. Andika hilo kwenye kamati. Andika kwamba kuna mwanamke amesoma shahada tano kwenye chumba kimoja.

Nirudishie kitabu changu. Hakiwafai kitu huko, na kwangu ndicho kitu pekee kinachoonyesha kwamba sikuwa hivi siku zote.

Dada

10 Juni

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo. Madirisha ni mawili kweli, moja halifunguki.

Karatasi ya pili.

Kitabu hiki hapa. Nimekifunga kwa rejista leo hii, harakaharaka, maana ni wiki ya matokeo na hapa hapakaliki.

Kuhusu hesabu yako, naomba nijibu kama mtu wa masijala, kwa sababu nikijibu kama mdogo wako tutagombana. Saa ambayo haikusainiwa na msimamizi haihesabiki. Si kwamba haikufanyika. Haihesabiki. Kulea mzazi si mafunzo, Dada, ni wajibu, na kila mtu anao wake. Wapo waliolea wazazi wawili na hawakuandikia kamati. Na tuseme ukweli: mtu aliyetaka shahada kwa dhati asingengoja mpaka miezi mitatu ya mwisho ndipo aulize. Miaka yote ile ulikuwa na kalamu.

Samahani kama nimekuumiza, lakini ni bora ulisikie kwangu. Sasa tulia. Umri nao umekwenda. Una kazi yako hapo nyumbani na unaijua vizuri kuliko yeyote.

Kitinda

12 Agosti

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo mara mbili.

Mbona kimya? Tangu Juni sijaona mstari. Najua umekasirika, lakini hasira ya miezi miwili sasa ni ya kujitafutia maradhi. Nimeota Baba ananipima bega kwa futi yake, nikaamka na furaha siku nzima.

Habari njema: neno "kaimu" wameliondoa. Mimi ndiye mkuu wa masijala kamili. Baba, mwanao ana mlango wenye kibao. Nimeomba likizo ya Desemba, nitakuja kukaa wiki mbili nzima, na safari hii sina mchezo. Nitamgeuza mwenyewe kila baada ya saa tatu, Dada utapumzika. Nitakuja na vitambaa, Baba achague kwa macho, mimi nitakata.

Namba yangu ya simu hii hapa chini. Samahani imechelewa, mambo mengi. Nipigie mpe Baba niisikie sauti yake, hata akinung'unika.

Wako, Kitinda

30 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima. Leo kuna karatasi moja tu, kwa sababu msomewaji hayupo.

Baba amefariki. Alifariki tarehe 3 Julai, saa nne asubuhi, na kesho yake tukamzika. Ulipokuwa unamwandikia habari ya mlango wenye kibao, alikuwa na siku arobaini chini ya udongo. Namba yako nimeipata. Sikupiga kwa sababu nataka uyasome haya, usiyasikie, ili usipate pa kunikatiza.

Wewe ni mtu wa tarehe, basi nikupe tarehe.

Kitabu changu kilinifikia 21 Juni. Nilikifungua kutazama sahihi zangu, nikazipitia zote mia tatu na kumi na mbili mpaka jalada la nyuma. Ndani ya jalada hilo kuna mhuri wenu wa zambarau. Umeandikwa IMEPOKELEWA, 14 MACHI, na chini yake umetia herufi zako kwa kalamu, kile kimkia chako ninachokijua tangu nikufundishe kuandika. Nilikaa nautazama nikidhani macho yana kasoro. Nikauonyesha kwa Baba, nikamwuliza hii ni namba gani. Akanyoosha kidole kimoja, kisha vinne. Sikumwambia ni ya nini.

Kitabu kilikuwa mezani kwako siku arobaini na saba kabla krediti zangu hazijafa. Ulikifungua asubuhi pamoja na barua nyingine mia mbili, mkono ukagonga kama ulivyozoea, kisha akili ikafika ikakuta mkono umeshamaliza. Au hata hukuona kwamba umegonga. Sijui lipi ni baya zaidi. Kisha ukakiweka kwenye droo, ukanisikiliza nikikuomba neno moja, ukangoja Mei. Kwa nini, sikuhitaji kuuliza. Kingekwenda kwenye kamati, mimi ningekuwa wodini na wewe ungekuwa hapa na beseni. Ungeniandikia tu hapana. Ningekutukana wiki moja, kisha ningetafuta mtu wa kumshika. Hapana yako nisingeifia.

Tarehe 25 Juni homa ya mapafu ilimwingia. Niliijua siku hiyo hiyo kwa kuweka sikio mgongoni kwake, nilifundishwa, zilikuwa krediti nane. Daktari alikuja, akatoa dawa, akasema tumwite mtu yeyote anayetakiwa. Baba alikuwa anakuita wewe. Maneno yote yalikuwa yamemkwama, lakini "Kitinda" lilikuwa linatoka safi kama la mtu mzima wa afya. Asubuhi, mchana, anageukia mlango.

Namba ya simu ya ofisi yenu imechapishwa juu kabisa ya ile barua ya kunifuta, ya kusikitika kuniarifu. Ilikuwa mezani, karibu na chupa ya dawa. Siku nane ilikuwa pale. Kwa basi ungefika kwa siku moja na nusu. Ungemkuta anaona, anasikia, anakutambua. Nilikuwa naitazama kila nikimpa kijiko cha dawa, na sikupiga.

Nilimwambia umepata habari na umesema kazi imekubana. Akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Nilitegemea atabisha, au ashangae kidogo. Nikawaambia hivyo hivyo majirani na ndugu wote waliokuja, kwamba amearifiwa, amesema hawezi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mara ya pili. Ukija Desemba na vitambaa vyako utakuta wanakujua hivyo, na mimi sitakusafisha.

Najua kwamba Baba nilimdhulumu. Yeye hakukificha kitabu. Alikufa anatazama mlango kwa sababu yangu, na hilo ni langu, nalibeba asubuhi na jioni, wala sikuombi unisaidie kulibeba. Nilidhani nikikuandikia nitajisikia mwepesi. Sijisikii.

Makaburini, mchimba kaburi aliniita pembeni. Alitaka kujua kama yupo mtu wa kusubiriwa, mtoto wa mbali labda, kwa sababu yeye akianza kurudisha udongo huwa haachi katikati. Alisema hana haraka, anaweza kutungoja mpaka kesho, hata keshokutwa. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikamwambia hakuna, aanze.

Dada